Mwosha Huoshwa? Kituo cha Kuoshea Magari na Sura ya Jamii

Kiswahili hakikuridhika na kitenzi kimoja cha usafi. Mtu huoga mwili, hunawa uso, hufua nguo, hutawadha kabla ya swala, hupiga deki sakafu na husuuza chombo baada ya kukisugua kwa sabuni. Kitenzi kuosha kimeachiwa vyombo, mchele, vidonda, miguu ya mgeni, maiti na, tangu motokaa zilipoingia katika nchi hizi, magari. Atakayesema, "Nifulie gari langu," atachekwa, na atakayedai kuwa gari lake limenawa atadhaniwa anatunga shairi. Hivyo basi gari, mali ya fahari kuliko mali nyingi, limetiwa kapu moja na sufuria na maiti.

Mpangilio huo si wa kupuuzwa. Katika jamii za pwani mwosha ni mtu mwenye kazi maalumu: ndiye aitwaye pakitokea msiba ili amwoshe marehemu kabla ya kukafiniwa. Wahenga wakanena kwamba mwosha huoshwa. Aghalabu kauli hiyo huchukuliwa kuwa onyo, kwamba atendaye hutendewa, lakini ndani yake mna pia maelezo ya mkataba. Leo wewe wamwosha jirani. Kesho jirani, au mwana wa jirani, atakuosha wewe. Hapakuwa na tajiri aliyeweza kukwepa zamu yake ya kulazwa kitandani na kumiminiwa maji, wala maskini aliyenyimwa zamu hiyo. Makala haya yanauliza kuhusu mwosha mwingine, yule aliyevaa buti za mpira kando ya barabara, mwenye mpira wa maji mkono mmoja na kitambaa mkono wa pili. Je, naye huoshwa?

Vituo vya kuoshea magari havihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa Nairobi, Nakuru, Eldoret au Mombasa. Ni kiwanja chenye kokoto. Tangi jeusi la plastiki juu ya jukwaa la vyuma. Mashine ya kusukuma maji kwa nguvu, inayonguruma tangu alfajiri. Mipira iliyojikunja kama nyoka. Ndoo za povu, vitambaa na brashi za magurudumu. Pembeni pana kibanda cha mabati cha mama wa chai na chapati. Katika vituo vilivyotononoka pana jiko la nyama choma, viti vya plastiki, bia baridi na runinga ya kuonyeshea kandanda ya Uingereza, hata Jumamosi alasiri ni vigumu kujua iwapo watu wamekuja kuosha magari wakanywa, au wamekuja kunywa wakasingizia magari. Jina la mahali penyewe huandikwa ubaoni kwa Kiingereza, na kila mtu hulitamka apendavyo. Humu patatumiwa "kituo" tu, kwa kuwa ni fupi.

Yafaa kuanza na maneno. Mwanafunzi wa isimu jamii aliyezoea kutaja sajili ya hospitali, ya mahakama, ya soko na ya matatu, kama zinavyokaririwa tangu shule ya upili, akikaa kituoni kwa saa moja atarudi na daftari lililojaa. Mwenye gari anapoingia huitwa mkubwa, bosi, mheshimiwa au mzee. Akiwa mwanamke huitwa madam, na mara nyingine huulizwa kwa adabu kubwa kwa nini leo mzee hakuja. Vyeo hivi hugawiwa kwa kuangalia gari, si mtu. Dereva aliyetumwa na tajiri wake huwa mheshimiwa kwa nusu saa nzima, mpaka ijulikane kwamba hata yeye hungojea mwisho wa mwezi. Mwenye kigari kilichochakaa, hata akiwa profesa, ataitwa mzee, na hapo pana hatari kuwa ni umri wake unaotajwa wala si heshima.

Hata hivyo, neno lenye uzito zaidi ni lile linaloelekezwa upande wa pili. Mwosha huitwa kijana. "Kijana, umesahau hapa." "Kijana, hizi rimu mbona hazijang'aa?" Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 260, inamtambua kijana kuwa mtu aliyetimiza miaka 18 na ambaye hajafikisha 35. Kituoni mpaka huo haupo. Mwanamume wa miaka 43, mwenye mke na mtoto aliye kidato cha tatu, huitwa kijana na mvulana wa miaka 24 aliyeazima gari la babake, naye huitika. Jina la umri limegeuzwa jina la tabaka. Enzi za ukoloni, mlowezi alimwita mpishi wake mwenye mvi "boi", na mpishi akaitika vivyo hivyo. Neno hilo limefukuzwa katika mazungumzo ya watu wenye staha, lakini kiti chake hakikuachwa kitupu.

Baada ya maneno ni foleni. Kwa nadharia, gari lililotangulia ndilo huoshwa kwanza. Kwa vitendo, gari kubwa jeusi lenye vioo vya giza likiingia, mwenye Probox inayosambaza mikate tangu usiku wa manane huombwa asogee kidogo. Hakuna aliyetoa amri. Msimamizi hunyosha mkono tu, na waosha wawili huacha povu likikauka juu ya boneti ya mwuza mikate wakakimbilia neema mpya. Akiuliza, huambiwa kwamba mkubwa ana haraka. Kumbe haraka nazo zina matabaka, ingawa anayepoteza riziki kwa kuchelewa ni yule wa pili. Na ikumbukwe kwamba mengi ya magari hayo yanayogombewa yaliingia Mombasa yakiwa yametumika kwingine. Kanuni za Kenya zimeruhusu gari kuukuu liingizwe ilmradi umri wake hauzidi miaka minane. Ni mitumba ya chuma. Fahari inayopigwa povu na kung'arishwa ilikwisha kuvaliwa na mwingine, ughaibuni, akaichoka.

Sembène Ousmane wa Senegal aliliona jambo hili mapema. Katika filamu yake Xala ya mwaka 1975, Mercedes ya mfanyabiashara aliyeneemeka baada ya uhuru huoshwa kwa maji ya chupa yatokayo Ufaransa, na mtazamaji hucheka. Kicheko hicho hukatika mtu akikumbuka kwamba katika miji ya Kenya yenyewe maji ya kuoshea gari na maji ya kunywa yanatoka chanzo kimoja. Maji mengi ya Nairobi hutoka milima ya Aberdare, na bwawa la Ndakaini lililoko Murang'a ndilo tegemeo kuu. Mwanzoni mwa mwaka 2017, kina cha bwawa hilo kilipopungua kwa uhaba wa mvua, jiji lilianza kugawiwa maji kwa zamu. Vituo havikufungwa vyote. Vingine vilichota kutoka visima, vingine vikaletewa maji kwa malori. Magari yaliendelea kung'aa katika mitaa ambayo vyoo vyake havikuwa na maji ya kusukumia uchafu.

Hesabu yake yaweza kufanywa na mtoto wa shule. Gari moja dogo, likioshwa kwa mpira usiofungwa kila dakika, laweza kumeza lita 100 hadi 200. Hiyo ni mitungi 5 hadi 10 ya lita 20. Mwosha aliyelishika bomba hilo kutwa nzima hurudi jioni katika mtaa wa mabanda ambako mtungi mmoja huuzwa kwa shilingi 5 hadi 20 hivi, na zaidi siku za uhaba. Hununua miwili. Mmoja wa kupikia na kunywa, mwingine wa watoto kuogea na mama kufulia, na yale yatakayosalia, kama yatasalia, ndiyo yake yeye. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Hakuna kifungu kinachoyapa magari haki hiyo, ila magari ndiyo yanayoifaidi. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini na kila mtu akaamriwa anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, wakazi wengi wa mitaa hiyo walijiuliza yanatiririka wapi. Waosha walijua: yanatiririka kazini.

Lakini methali ya mwosha ilipata jibu lake la kikatili zaidi Kisumu. Kwa miaka mingi, ufuo wa Lwang'ni ulijulikana kwa mambo mawili, samaki na magari. Wateja waliketi vibandani wakila ngege kwa ugali, na hatua chache kutoka hapo matatu, malori na magari ya watu binafsi yaliingizwa ndani ya Ziwa Viktoria kwenyewe, magurudumu yakazama, na wanaume wakasimama majini wakisugua. Ziwa halikuwa na mita wala bili. Halikuhitaji tangi wala mashine. Mtaji wa mwosha ulikuwa ndoo, kitambaa na miguu yake miwili.

Miguu hiyo ndiyo iliyolipa. Ndani ya maji ya kina kifupi huishi konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Vimelea hutoka kwa konokono, huogelea, humpata binadamu aliyesimama majini na kupenya ngozi yake pasipo yeye kuhisi lolote. Aina iliyo Kisumu, iitwayo Schistosoma mansoni, hukaa katika mishipa ya damu ya matumbo, na mayai yake huweza kuliharibu ini. Dawa ipo, prazikwanteli, na huua minyoo hiyo. Ila haimzuii mtu kuambukizwa tena kesho yake akirudi majini. Na mwosha hurudi majini, kwa maana ndiko ofisini kwake.

Tangu miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya pamoja na wenzao kutoka Marekani waliwafuata waosha wa ufuo huo mwaka baada ya mwaka. Waliwapima, wakawatibu, wakawapima tena. Ili kujua ni kiasi gani mtu amekaa majini, walihesabu magari aliyoyaosha. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2002: walikuwapo walioambukizwa upesi kila baada ya tiba, na walikuwapo wengine ambao, baada ya kutibiwa mara nyingi, miili yao ilianza kuupinga ugonjwa. Kwa sayansi ya chanjo na kinga ya mwili, hilo lilikuwa jambo kubwa. Hakuna haja ya kuwalaumu watafiti. Waosha walipata dawa, na elimu ikapatikana. Linalostahili kuajabiwa ni kwamba watu wa kwanza kuhesabu kwa makini kazi ya mwosha walikuwa wanatafuta minyoo. Gari moja, dakika kadhaa majini, uwezekano fulani wa kuambukizwa. Kwa mizani hiyo, kila gari lililotoka ziwani liking'aa lilikuwa limeacha kitu mwilini mwa aliyeling'arisha.

Tena lilikuwa limeacha kitu ziwani. Mafuta, grisi, sabuni na tope la barabarani viliingia katika maji yale yale aliyovuliwa samaki aliyekuwa akiliwa ufuoni. Kenya ina sheria ya mazingira ya mwaka 1999 na kanuni za ubora wa maji, ambazo haziruhusu majitaka kumwagwa ovyo katika vyanzo vya maji. Lakini tazama jinsi lawama inavyogawanywa. Pakitolewa amri ya kuwaondoa waosha kando ya mto au ziwa, wanaokimbizwa huwa na ndoo mikononi. Ni nadra sana kusikia kwamba mwenye gari ameshtakiwa kwa kulipeleka gari lake likaoshewe humo. Yeye ni mteja, na mteja akishalipa huhesabiwa kuwa ametakasika. Uchafu ni wake, gari ni lake, faida ya ule urahisi wa bei ni yake. Kosa ni la aliyeinama.

Kuna jambo jingine ambalo waosha wanalijua na ambalo wahakiki wa fasihi wangelitamani. Gari lina nje na ndani. Nje ni ya umma: ndiyo inayopita mbele ya kanisa, msikiti na harusi. Ndani ni ya faragha, na anayeingia huko akiwa na kitambaa na mashine ya kufyonza vumbi ni mgeni asiyealikwa. Huokota chini ya viti risiti za baa zenye tarehe ya siku ambayo mwenye gari alisema yuko safarini, kiatu kimoja cha mtoto, tasbihi, barua ya karo isiyolipwa, hereni isiyo na mwenzake, dawa ambazo hazikupaswa kuonwa na mtu. Msomi husoma jamii kwa kitabu kilichohaririwa. Mwosha huisoma kwa kitabu ambacho mwandishi wake hakujua kwamba kitasomwa. Hujifunza kwamba gari linalong'aa kupita mengine huweza kuwa ndilo lenye takataka nyingi zaidi ndani, na kwamba wako wenye magari wanaosema, "Ya ndani yaache, osha nje tu." Huenda ni kwa kubana shilingi mia moja. Huenda pia si kwa ajili hiyo.

Na pamoja na siri hizo zote, haaminiwi. Mwenye gari husimama hatua mbili kutoka mlangoni, mikono kifuani, akifuata kila mwendo wa kitambaa. Shilingi 50 zikipotea kati ya viti, aliyeziangusha hatajishuku. Wengine huacha sarafu makusudi ili wampime. Mtu aliyekabidhiwa gari lenye thamani ya shilingi milioni moja na nusu anatahiniwa kwa shilingi 20. Mtahini haoni kichekesho kilichomo. Nyuma yao ubaoni pameandikwa kwamba gari laegeshwa kwa dhamana ya mwenyewe. Kituo chenyewe kimejivua lawama. Mwosha pekee ndiye asiye na bao la kujikingia.

Siasa nayo imelitambua eneo hili. Tangu mpango wa Kazi kwa Vijana wa mwaka 2009, na hasa katika miaka ya kuelekea uchaguzi wa 2022, utoaji wa vifaa vya kazi kwa vikundi vya vijana ulikuwa tamasha linalojirudia: toroli, vyerehani, mahema, viti na mashine za kuoshea magari. Mashine hukabidhiwa jukwaani mbele ya kamera. Kikundi cha watu ishirini hupewa mashine moja. Mgeni wa heshima hushika mpira, hurusha maji kidogo juu ya gari la mtu mwingine, hupigiwa makofi, na huondoka katika msafara. Siku tatu baadaye kikundi kinagundua kwamba mashine haina maji, haina umeme wala petroli, haina kiwanja, na inahitaji leseni.

Si kwamba zawadi hiyo ni mbaya yenyewe. Ila inafaa kuulizwa inambuni kijana wa namna gani. Viongozi waliosomeshwa na umma, wakaenda ng'ambo kwa fedha za umma, wanapokaa na kuifikiria kesho ya kizazi kilichowafuata, wanamwona ameinama kando ya gari. Gari la nani? Katika ndoto hiyo ya maendeleo hakuna anayejiuliza magari ya kuoshwa na vikundi vyote hivyo yatatoka wapi, wala kama mwosha mwenyewe anatarajiwa siku moja kufika na lake.

Yupo atakayejibu kwamba haya ni manung'uniko ya watu wa vitabu. Kazi ni kazi. Kituo kimewatoa vijana wengi vijiweni, na vingine vilianzishwa na watu waliokuwa wameingia katika uhalifu wakaamua kuuacha. Hoja hiyo ni ya kweli, na atakayeipinga hajawahi kuketi kituoni kwa zaidi ya muda wa kungojea gari. Waosha wana chama chao cha akiba, kila juma zamu ya mmoja. Mwenzao akifiwa, kofia huzungushwa kabla ya chai. Mgeni wa kutoka mashambani huanza na magurudumu, akapandishwa hadi ubavuni, kisha paani, na mwishoni akaaminiwa injini, ambayo maji yakiingia pasipotakiwa hugeuka hasara. Huo ni uanagenzi kamili wenye ngazi na mitihani. Walipozoea, waosha wawili hufanya kazi kwenye gari moja bila kusemezana, mmoja akifuta pale mwenzake alipokwisha kusuuza, na kuwatazama ni raha kama kutazama wavuvi wakivuta jarife.

Kwa hiyo si huruma inayodaiwa hapa. Mwosha haoni haya kwa kazi yake. Kinachodaiwa ni malipo na maji. Katika vituo vingi yeye hana mshahara. Hupata fungu la kila gari. Gari dogo likilipiwa shilingi 200 au 300, sehemu kubwa huenda kwa mwenye kiwanja, mwenye mashine na muuza maji, na kilichosalia hugawanywa kwa mikono iliyoligusa. Siku ya mvua hakuna fungu, kwa maana hakuna anayeosha gari mvuani. Akiteguka kiuno ni shauri lake. Makondakta na madereva wa matatu, kanuni zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, walipewa sare na vibali vya kuonyesha nyuso zao. Kulikuwa na malalamiko mengi, lakini angalau dola ilikiri kwamba wapo. Mwosha hana sare ila ile aproni ya plastiki aliyoinunua mwenyewe, wala hakuna daftari linalomtambua akizeeka.

Kwa wasomi wa Kiswahili, aibu iko karibu zaidi na nyumbani. Riwaya na tamthilia zimejaa magari. Mhusika tajiri hutambulishwa kwa gari lake. Hushuka, hubamiza mlango, na msomaji hujua tayari aina ya maovu atakayoyatenda. Dereva wake hupata jina, na pengine hata dhamiri. Mlinzi wa lango hupata mistari miwili ya kuchekesha. Lakini gari hilo huwa safi kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na ni nadra mwandishi kueleza limesafika vipi. Uhalisia wa kijamaa umefundishwa vyuoni kwa miongo kadhaa. Umetafuta mkulima, mfanyakazi wa kiwanda na kuli wa bandarini, na ni haki kuwatafuta. Viwanda vingi vilifungwa, wafanyakazi wakaingia jua kali, na uhakiki ukabaki langoni pa kiwanda ukingoja king'ora.

Wala si lazima kwenda mbali kumtafuta. Asubuhi ya siku ya mihadhara, katika maegesho ya vyuo vikuu, huonekana mtu mwenye ndoo mbili akipita kati ya magari ya wahadhiri. Juu, dirishani, sauti hufafanua unyonyaji wa nguvukazi kwa mifano ya Manchester ya karne ya 19. Chini, mtu amepiga magoti akisugua rimu. Mhadhara ukiisha, mhadhiri hushuka, hulikagua gari, hutoa noti, na husema, "Asante, kijana." Wanafunzi wanaomfuata wakiuliza maswali ya mtihani humpisha mwenye ndoo bila kukatiza sentensi. Tasnifu nyingine kuhusu lugha ya matangazo ya simu itaandikwa mwaka huu. Itakuwa nzuri. Hata hivyo, sajili ya pale chini, yenye vyeo vyake vya kubandika, vitenzi vyake, kimya chake na jinsi "kijana" inavyotamkwa na watu wa ngazi mbalimbali, bado inangoja mtu wa kushuka na kinasasauti.

Saa kumi na mbili jioni mashine huzimwa na kiwanja husikika ghafla jinsi kilivyo kitupu. Mama wa chai huhesabu vikombe na madeni. Msimamizi hugawa mafungu, noti zikiwa na unyevu kama kila kitu kingine mahali hapo. Mwosha humimina yaliyosalia ndooni juu ya buti zake, kwanza buti, kisha miguu, iliyonyauka na kuwa myeupe katikati ya vidole kwa kushinda majini, halafu hunawa uso kwa viganja viwili vya mwisho. Hubadilisha shati. Huuchukua mtungi wake mtupu aliokuja nao asubuhi, kwa sababu atapitia kwa muuza maji kabla giza halijaingia. Barabara ya kuelekea mtaani haina njia ya waendao kwa miguu, na mvua ya jana imeacha madimbwi. Gari jeupe humpita kwa kasi na kumrushia tope hadi kifuani. Anapofungua macho huitazama nambari yake na kuitambua. Ni lile aliloliosha saa nane.